Amplifaya Niliyoichagua kwa Kuinyanyua

Galbet, Garissa

Yakub, mjukuu wangu,

Ngamia wa Kutulo wanafika soko la Garissa kila wiki. Wengine kwa lori, wengine kwa miguu yao minne, na wanafika wamenona. Wewe una miguu miwili na basi linapita mbele ya kibanda chako huko Kutulo, na Idi mbili zimeisha sijauona uso wako. Miguu hiyo ni ya kazi gani? Ya kusimamia simu za watu zikichajiwa? Mtoto niliyemlea kwa maziwa ya mbuzi wangu, niliyembeba mgongoni kutoka kisimani hadi nyumbani akiwa na surua, leo ananiambia, "Nina kazi, Ayeyo." Hata kadhi ana kazi, na kila Ijumaa alasiri namwona akipita hapa kwenda kumsalimia mamake.

Assalaamu alaykum. Nimeanza na ugomvi nikasahau salamu, na anayeniandikia ameniangalia kwa jicho. Basi, uzima wako? Mama yako, mgongo wake umepoa? Mvua imewafikia, ama bado mnayatazama mawingu yakipita kwenda kwa wenyewe? Yule mbuzi wangu mwekundu wa pembe moja yupo, ama mmemla mkaogopa kuniambia? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Goti linauma asubuhi, mchana linasahau. Shangazi yako Halima ananitunza vizuri, ila anapika mikate ya anjera minene kama godoro, nami nakula nanyamaza.

Sasa nimemaliza kukugombeza, nitakuambia kwa nini sina haki ya kukugombeza.

Anayeandika ni Mwalimu Kanini, jirani yetu, Mkamba wa Kitui, anafundisha shule ya msingi hapa nyuma ya nyumba. Yeye hajui Kisomali. Mimi nina Kiswahili changu cha sokoni, cha miaka arobaini ya kuwauzia mbuzi watu wa bara. Ungeuliza, kwa nini sikupiga simu? Kwenye simu nikisikia pumzi yako tu, sauti yangu inapanda yenyewe, nawe unanyamaza, halafu unasema mtandao unakatika. Na Kisomali changu, wallahi, ni kikali mno kwa kazi hii. Kwa Kisomali najua kujitetea. Nina methali ya kila kosa. Kwa Kiswahili sina pa kujificha: nikisema nimekosa, ni nimekosa, basi. Nimemwambia Mwalimu anyooshe maneno yangu yanapopinda, lakini asinyooshe nilichofanya.

Unakumbuka safari yako ya mwisho. Ulishuka kwenye basi umekumbatia zile spika mbili ndogo za mbao, za kuwekwa juu ya rafu, umezifunga kwa shuka. Babako, mwanangu Ibrahim, alizinunua Mombasa alipokuwa dereva wa lori, na lori lilipompindukia zikarudishwa Kutulo pamoja na viatu vyake. Wewe ulikuwa na miaka minne. Zikakaa juu ya kabati la mama yako miaka yote hiyo, kuku wakizilalia.

Na unajua ile kanda. Vijana wengine waliokwenda mbali waliwaandikia mama zao barua. Mwanangu alijua mamake hasomi, basi alikuwa anakaa chini anazungumza kwenye kaseti, anampa mtu wa basi. Zilikuwa nyingi. Imebaki moja. Redio yangu ya kaseti ilikuwa imechoka kooni, ikimtoa Ibrahim kama mtu anayeongea akiwa ndani ya gunia. Ndiyo sababu ulizileta spika. Uliniambia, "Ayeyo, hizi zikipata amplifaya yake zitamtoa babangu kwenye gunia." Uliyasema hayo unatazama chini, kwa sababu wewe sauti yake huikumbuki. Ulitaka uisikie. Nilikuwa najua.

Basi lako likaondoka kabla maduka hayajafunguliwa. Ukasema ukifika utaniandikia, Halima anisomee, ni amplifaya gani ya kununua, isiyo ya bei ya kuua mtu, nikamnunulie babako sauti.

Sasa kosa la kwanza. Hili hulijui.

Uliponipigia wiki mbili baadaye nilikuambia nimeingia darasa la watu wazima la Mwalimu Kanini, na sasa nasoma. Nilikuambia nasoma hata mabango ya dukani. Ulicheka, si kicheko cha kudharau, kicheko cha furaha, na nikakusikia ukimwita mama yako, "Hoyo, Ayeyo anasoma!" Yakub, nilikwenda siku mbili. Siku ya pili Mwalimu alinipa chaki niandike ubaoni, nikaishika kama kisu cha kuchinjia, na msichana mmoja anaitwa Nimo, muuza maziwa, mbichi bado kwenye ndoa yake, akacheka. Nikaweka chaki chini nikatoka. Mimi niliyekwisha kuwanyamazisha madalali wa Wajir, nilikimbizwa na kicheko cha mtoto. Na baada ya wiki nzima ya kukaa nyumbani ndipo nikakuambia nasoma.

Mwalimu amesimamisha kalamu. Anasema hakujua kwamba ndiyo sababu nilitoka, alidhani ni goti. Andika, Mwalimu, ndiyo kwanza tunaanza.

Karatasi yako ikaja na dereva wa basi. Niliifungua peke yangu. Uliandika kwa herufi kubwa kubwa, zimeachana, kama mtu anayepanda mahindi. Nikaelewa kwamba umeandika hivyo kwa ajili yangu, ili mwanafunzi mpya asihangaike. Ningeweza kumpa shangazi yako anisomee. Lakini Halima angekuambia. Ningeweza kumpelekea Mwalimu. Lakini Mwalimu ndiye niliyetoroka darasani kwake. Nikaikunja nikaifunga kwenye pembe ya mtandio wangu, hii garbasari, nikajiambia: mimi nimechagua wanyama miaka arobaini, nitashindwa na sanduku?

Kibanda cha fundi kiko nyuma ya soko, karibu na wanaouza kamba za punda. Fundi mwenyewe anaitwa Mutua, mtu wa bara, wa Kitui kama Mwalimu, mwembamba, anafunga shati mpaka kifungo cha shingoni hata joto likiyeyusha mshumaa. Nilikwenda na spika zote mbili ndani ya kikapu.

"Karibu shosho," akasema. "Umeniletea mayai?"

"Mayai atakuletea mkeo. Mimi nataka amplifaya ya hizi."

Akazitoa polepole, akazigeuza, akasoma mgongoni mwake, akaugonga ubao kwa kidole akisikiliza, kama mtu anavyogonga tikiti. Akasema hizi ni spika nzuri za zamani, za kumsikiliza mtu akiongea chumbani, si za harusi. Zina koo laini. Kisha akaniuliza, "Na hiyo karatasi uliyoishika?"

Hapo, Yakub. Hapo ilikuwa ni kunyoosha mkono tu. Lakini kwenye kivuli cha kibanda walikaa wanawake wa maziwa na madumu yao, na mmoja wao ni yule Nimo aliyenicheka. Ananitazama. Nikaifungua karatasi, nikaiweka mbali na macho kama wafanyavyo wazee ofisini, nikasogeza midomo kidogo. Nikasema, "Mjukuu wangu anasema, ile kubwa kabisa."

"Ameandika wati ngapi?"

"Zote," nikasema.

Mutua akageukia rafu. Akaweka mbili juu ya meza. Moja ndogo, nyeusi, ya mtumba, imekwaruzika, haina taa wala madoido. Ya pili mpya, pana kama trei ya biriani, ina taa za buluu zinazocheza, na vifundo vya kuzungusha vingi kuliko chuchu za paka. Nikauliza bei. Bei ni ileile.

Wewe niambie. Mbuzi wawili, bei moja, mmoja beberu na mmoja kitoto. Nani mwenye akili anaondoka na kitoto? Nilifanya ninavyojua. Nikaingiza mikono chini ya kila moja nikanyanyua. Ndogo ilikuwa kuku. Kubwa ilinirudisha chini kidogo, ikanishika kiunoni, kama beberu wa miaka miwili. Nikasema, "Hii."

"Shosho, hapana," Mutua akasema. "Hiyo uzito wake ni chuma tu. Wati walizoandika mbele hazimo ndani, ni uongo wa kiwandani. Ukiilazimisha inatoa sauti chafu, na uchafu huo ndio unaounguza spika ndogo. Hii ndogo ina wati ishirini na tano kila upande, lakini ni za kweli, na ohm zake zinakubaliana na hizi spika zako. Ohm ni vile spika inavyoubana umeme. Mke na mume wakikubaliana, nyumba inatulia."

"Kama ni mbaya, mbona unaiuza?"

"Wenye hoteli wanaitaka, wana spika zao kubwa kama milango. Zinavumilia."

"Wewe ni fundi ama ni dalali wa vitu vidogo?" nikamwambia. Wanawake wakacheka, na mimi nikafurahi walivyocheka, maana sasa anachekwa yeye.

Mutua hakukasirika. Akachukua rangi nyeupe akaweka nukta pembeni ya kile kifundo cha sauti. "Basi ukipandisha sauti, usipite hapa," akasema. Akarudia tena polepole. "Usipite hapa, shosho." Alisema Kiswahili, nami Kiswahili nakisikia.

Alhamisi alasiri nikawaita wanawake wa mtaa. Chai ya maziwa ya ngamia, tende, kila kitu. Nilitaka wamsikie mwanangu. Mpwa wa jirani alikuwa amekwisha kuunganisha nyaya kutoka redio yangu ya kaseti hadi amplifaya. Nikaweka kanda, na Ibrahim akasema, "Hoyo, assalaamu alaykum." Waziwazi, Yakub. Kama yuko mlangoni anavua viatu. Wanawake wakaitikia salamu bila kufikiri, wote, kama mtu mmoja. Moyo wangu ukavimba, nami nikataka wa uani nao wasikie. Nukta nyeupe niliiona. Nikaipita. Nikaipita mpaka kifundo kikagoma.

Ikanguruma. Sauti ya babako ikapasuka kama turubai kwenye upepo, kisha harufu ya nywele zilizoungua, kisha spika moja ikafa kabisa. Ya pili ikabaki inakoroma. Kanda nikaiwahi, ile ni salama, usishtuke. Lakini zile spika alizozichagua babako kwa mkono wake, nilizichoma mimi kwa mkono wangu, mbele ya watu kumi na birika la chai.

Na watu kumi wakanitazama. Mdomo wangu ukafanya haraka kuliko akili. Nikasema, "Yule fundi wa bara ameniuzia kitu kibovu na hakuniambia."

Unajua neno hilo lina uzito gani kwetu. Kwenye soko la mifugo mtu anataja kilema cha mnyama wake kabla ya kupokea mkono: huyu anachechemea, huyu chuchu moja imekufa. Akinyamaza, na ikaja kujulikana, hauzi tena hata mkia. Mimi miaka yote hiyo nilivitaja vilema vya mbuzi wangu mpaka watu wakawa wananunua kwangu bila kufungua mdomo wa mnyama. Hiyo ndiyo mali niliyokuja nayo Garissa, sina nyingine. Na mali hiyo nikaichukua nikampigia mtu asiye na kosa. Asubuhi yake nikaenda sokoni nikarudia mwenyewe, kwa sauti: Mutua ameficha kilema. Hakuna aliyeniuliza ushahidi. Kwa nini waulize? Ni Dekha aliyesema.

Nimo alikuwepo. Nimo alimsikia Mutua akinionya mara mbili. Akainamisha kichwa juu ya madumu yake, hakusema neno, kwa sababu mimi ni mtu mzima na yeye ni mtoto. Kicheko chake kilinikimbiza darasani, lakini heshima yake ile ndiyo iliyonichoma.

Halafu ukapiga simu wewe. Ukauliza kwa sauti ndogo, "Ayeyo, babangu anasikika?" Na mimi, badala ya kusema ukweli hata kwa mtu mmoja duniani, nikakufokea. Nikakuambia umeniletea takataka za marehemu, zilizolaliwa na kuku. Nikakuambia zimekufa kama mwenyewe.

Mwalimu anauliza kama aandike hilo. Andika. Nililisema, basi likae kwenye karatasi.

Ukasema, "Sawa, Ayeyo." Tangu siku hiyo una kazi. Na mimi nimekuwa nikiwaambia majirani vijana wa siku hizi hawana damu.

Kibanda cha Mutua kikaanza kukauka. Nilikuwa napita mbali, lakini macho yangu ni mazima, ni kusoma tu hayajui. Redio zilipungua mezani. Watu wetu walipeleka zao kwingine. Siku moja Mwalimu Kanini akaniambia, bila nia mbaya, kwamba mtu wa kwao yule fundi anafikiria kurudi Kitui, ati hapa kazi imekataa. Akasema mkewe ana mimba ya miezi saba. Nikamwambia Mungu atawafungulia. Nikaingia ndani nikakaa juu ya kitanda nimevaa viatu.

Wiki hiyohiyo Mutua akaja hapa nyumbani. Alisimama nje ya geti, hakuingia mpaka Halima alipomkaribisha. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandaa, nilikuwa na matusi ya kutosha. Akasema, "Shosho, nimekuja kuomba kitu kimoja. Ile karatasi ya mjukuu wako. Kama kweli aliandika kubwa kabisa, basi mimi ndiye niliyekosea kukubishia, na pengine nilikupa yenye hitilafu. Nitakuja sokoni niombe msamaha mbele ya watu. Lakini nataka nijue."

Alikuwa tayari kuomba msamaha. Yeye.

Nikafungua pembe ya garbasari nikampa karatasi. Akasoma akiwa amesimama. Nilimtazama macho yakienda na kurudi, kisha yakasimama katikati. Akaikunja. Akasema, "Ameandika ndogo, shosho. Ameandika ya mtumba ni bora kuliko mpya ya taa, wati ishirini hadi thelathini, zisizidi. Ameandika na ohm zake. Huyu kijana anajua kazi." Nikauliza, "Na hayo mengine ya chini?" maana niliona hakufika mwisho. Akanirudishia. "Yaliyobaki si ya fundi."

Kisha akasema neno moja tu, naye alilisema akitazama upande wa tangi la maji, asiyaone macho yangu: "Ungeniambia tu nikusomee, shosho. Mamangu pia namsomea."

Nikamwambia aende zake. Hata hapo, Yakub. Hata hapo nilimfukuza.

Siku tatu chakula hakikupita. Halima akataka kunipeleka hospitali. Siku ya nne ilikuwa siku ya soko. Nikanunua mbuzi jike mwenye maziwa, kwa sababu kwetu mtu haendi kuomba msamaha wa kuchafua jina mikono mitupu, nikamvuta kwa kamba mpaka kibanda cha Mutua. Wanawake wa maziwa walikuwepo, na madalali, na watu waliokuwa wakipita na mikokoteni. Nikapaza sauti ileile niliyompigia nayo.

Nikasema: "Mnanijua. Mimi ni Dekha, mama Ibrahim. Niliwaambia mtu huyu ameficha kilema. Hakuficha. Alikitaja mara mbili na akakitia alama ya rangi. Nimo alisikia. Mwenye kilema nilikuwa mimi, nami ndiye niliyekificha. Sijui kusoma. Nilishika karatasi ya mjukuu wangu mbele yenu nikajifanya nasoma, na nilikuwa naona kunguru tu wamekaa kwenye waya."

Punda mmoja peke yake ndiye aliyeendelea na maneno yake. Nilitaka ardhi ifunguke, lakini ardhi ya Garissa ni ngumu, wakati wa ukame haifunguki. Nikasimama hapo na mbuzi wangu. Uso wangu ulikuwa unawaka, nami niliuacha uwake watu wauone.

Mutua alitoka nje na bisibisi mkononi. Akamtazama mbuzi. "Shosho, huyu nitamweka wapi? Naishi chumba kimoja."

"Mkeo ana mimba. Atakunywa maziwa."

"Mke wangu anaogopa mbuzi."

"Mkamba anaogopa mbuzi?" akauliza dalali mmoja, na hapo watu wakacheka, kicheko kizuri, cha kufungua kifua. Tulipokuwa tukibishana yule mbuzi alikula nusu ya boksi la amplifaya na karatasi ya dhamana yake. Nimo ndiye aliyemfunga. Aliponipita akanishika mkono akasema kwa Kisomali, "Ayeyo, mimi pia nilikuwa nashika chaki vibaya. Nilicheka kwa sababu niliona si mimi peke yangu." Nikamwambia angesema mapema. Akasema nilitoka haraka kwa mtu mwenye goti bovu.

Watu hawajarudi wote kwa Mutua. Sitakudanganya. Neno baya linakimbia kwa lori na neno jema linafuata kwa punda. Lakini redio zimeanza kuonekana mezani, na mimi kila siku ya soko nakaa kwenye kivuli cha kibanda chake, wanione. Ndiyo kazi yangu sasa.

Spika amezifungua. Moja ilikuwa imeungua waya wake wa ndani, ameusuka upya kwa mkono wiki nzima. Ile nyingine ilipoteza kile kidude kidogo cha juu, kinachotoa sauti nyembamba, amekitafutia kingine, hakifanani sawasawa. Kwa hiyo upande wa kulia ni mzima, upande wa kushoto una mafua kidogo. Ile kubwa ameirudisha, ameiuza kwa mwenye hoteli, na mimi nimechukua ile ndogo ya mtumba, kuku mweusi asiye na taa. Safari hii sikunyanyua kitu. Nilimwambia, "Sijui kusoma. Soma wewe." Maneno manne. Nilikuwa nimeyakimbia miaka sabini, na hayakuniua.

Tuliijaribu hapa chumbani, mimi na Halima na Mwalimu, kifundo kikiwa chini kabisa ya katikati. Yakub, sauti ndogo hiyo, lakini ina kila kitu. Babako anasikika akimeza mate kabla ya kusema jambo zito. Anasikika akisogeza kiti. Na kuna kitu redio haikuwahi kunipa miaka yote: akifikiri, anagonga meza kwa vidole, viwili viwili, kisha kimoja. Nikasimama. Kugonga huko nakujua. Wewe ukisubiri chai unagonga hivyohivyo, na mimi nilikuwa nakuchapa mkono nikidhani tabia hiyo umeitoa kwa mama yako. Mwombe mama yako radhi, nilimsema bure.

Mambo mengine aliyoyasema humo sikuandikii. Ni yako, yanakusubiri.

Sikuandikii ili unionee huruma. Nilichoma vitu vya babako, nikamchafua mtu, nikakutupia wewe neno ambalo mama hamtupii hata mwizi. Halikuwa kosa la spika, wala la kuku wa mama yako. Uliniamini kwamba nasoma, ukaniandikia kama mtu anayesoma, na badala ya kushukuru nikaona aibu, na aibu nikaifanya hasira. Nisamehe. Kama huwezi sasa, sikulazimishi, lakini usiniambie una kazi. Niambie umekasirika. Hasira yako naijua tangu ukiwa unatambaa, haiwezi kunitisha.

Msalimie mama yako, mke wa mwanangu, mvumilivu kuliko wote. Msalimie mzee anayetoa zamu za kunyweshea ngamia kisimani, mwambie bado namkumbuka aliponipa zamu ya mwisho kwa makusudi. Msalimie dereva wa basi aliyeleta karatasi. Na yule jirani aliyeazima sufuria yangu kubwa ya harusi, msalimie na sufuria pia uisalimie. Halima anakusalimu. Mwalimu Kanini anakusalimu ingawa hamjaonana. Anasema anakujua sasa. Nimerudi darasani kwake, nakaa na Nimo benchi moja. Jina hapa chini nimeliandika mwenyewe. Herufi ya tatu imegeukia ukutani, Mwalimu amesema niiache tu.

Ni mimi, ayeyo wako,

DEKHA

Mwalimu, usifunge bado, ongeza hapa. Yakub, ukija, pitia kwanza kwa Mutua umpe mkono, ndipo uje kwangu. Karatasi yako iko kwenye pembe ya garbasari, mistari ile ya chini sijamruhusu mtu kuisoma, wala Halima, wala Mwalimu huyu anayeniomba kwa macho. Usinitajie kwa simu. Kaa upande wangu wa kushoto, sikio la kulia limechoka, unisomee wewe mwenyewe polepole, na kidole chako kipite chini ya kila neno, nione lipi ni lipi.